Tanga la Vipande Tisa

Sikwenda Pangani kugombana na mtu, nilikwenda kuzika. Mwaka jana nilipoletewa habari kwamba Mbwana Heri amefariki, nilijifunga kanga zangu nikapanda basi la asubuhi kutoka Tanga, na magoti haya yangu, nikafika maiti haijatoka. Watu wakazika, wakarudi. Sisi wanawake tulikaa ndani kwenye mikeka, wanaume wakakaa barazani wakingoja chakula, na dirisha lilikuwa wazi. Sinia za pilau zilipoanza kutoka uani, nikasikia mtu mmoja wa makamo, hata leo sijui ni wa nani, akisema, "Lau mwenyewe angekuwepo, hapo sinia moja imekwenda." Wenzake wakacheka kile kicheko cha kubana cha msibani. Mwingine akadakia, "Mbwana Pilau! Si ndiye aliyewakosesha Pangani resi ya ngalawa kwa tumbo lake?" Nilinyanyuka. Waliokaa karibu yangu walidhani nakwenda msalani. Nikaenda mpaka mlango wa barazani nikawaambia, "Hivi nyie hamna haya? Udongo wake haujakauka, mwamtafuna pamoja na nyama?" Wakainamisha vichwa. Mjukuu wa marehemu, kijana mrefu aliyekuwa akiwanawisha watu mikono, akaweka birika chini akaja kunishika. "Bibi, waache," akaniambia. "Sisi tumeshazoea." Neno hilo la kuzoea ndilo lililoniudhi zaidi, maana nilikwisha kulisikia mahali, na aliyelisema alikuwa babu yake.

Ulikuwa ni ule mwaka ambao Ramadhani iliangukia katikati ya kusi, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga. Mimi nilikuwa kigori, nimetolewa kwetu Chumbageni nikapelekwa Pangani kwa shangazi yangu, Bi Nuru, nikae naye mpaka harusi. Mwenye kunioa alikuwa mwanawe, Athumani. Wazee walikwisha kusemezana, siku imewekwa mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, na mimi, nisijitie unafiki, nilikuwa nampenda. Haikuwa ruhusa kukaa naye peke yetu, kwa hiyo mapenzi yangu yote ya mwaka ule yalipitia dirisha la jikoni, ambalo lilitazamana na baraza ya nyuma. Hapo ndipo mume wa shangazi alipokaa na watu wake. Tulimwita Nahodha, sote, hata mkewe. Alikuwa na ngalawa moja nzuri, na siku za kazi aliitumia kuvua kama watu wengine, lakini moyo wake wote ulikuwa kwenye Idi pili, siku ambayo Pangani na Bweni, ng'ambo ya mto, walikuwa wakishindana.

Nilipewa chumba cha uani, na chumba hicho sikulala peke yangu. Nililala na matanga mawili. Yalifungwa darini kwa kamba, moja juu ya jingine, nami nikilala chali naona matumbo yake meupe yananiangalia. La zamani lilikuwa la vipande tisa vya kitambaa cha marekani vilivyounganishwa, limepigwa jua na chumvi mpaka rangi imekuwa ya chai ya maziwa, limetiwa viraka, linanuka moshi na samaki. Jipya lilikuwa la vipande kumi na viwili, jeupe, bado linanuka duka. Nahodha alilishonesha mwezi wa Shaabani. Na hakulishonesha kwa kukisia: aliwachukua watu wake mpaka godauni la mbata, akawapandisha mizani mmoja mmoja kama magunia, akajumlisha ratili zao, ndipo akamwambia fundi aongeze vipande vitatu. Usiku na mchana ilikuwa ni hadithi hiyo tu. "Tanga ni watu," alikuwa akisema. "Watu wazito, tanga kubwa. Watu wepesi, tanga dogo. Basi, hakuna siri nyingine."

Kwa wasioijua ngalawa nitaeleza kidogo. Ina mirengu, yaani miti inayotokeza kila ubavu, na mwishoni mwake pana ubao unaogusa maji ili chombo kisipinduke. Upepo ukizidi, mtu hutambaa juu ya mrengu wa upande upepo unakotoka, akakaa huko nje, ili uzito wake ulizuie tanga lisikilaze chombo. Na ndani ya Mto Pangani maji hulala kama ya bwawa, mgeni akitazama atasema hapa hata mtoto ataendesha. Lakini kusi likija linapanda kilima cha Bweni kwanza, halafu linaanguka mtoni kwa mapigo: kimya, kimya, halafu pu! Tanga kubwa wakati wa kimya ni raha. Wakati wa pigo linataka nyama na mifupa kule nje. Aliyekaa nje kabisa, mwisho wa mrengu, ni Athumani, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kutambaa. Nyuma yake Mbwana, mnene, mwenye kucheka, ambaye mti ule usingemstahimili akisogea mwisho. Bakari alishika kamba ya tanga, na Nahodha mwenyewe usukani. Mwaka uliotangulia, kwa tanga la kuazima lililokuwa kubwa kuliko wao, pigo liliwakuta wamechelewa, mrengu ukakatika, ngalawa ikawapindukia, na Athumani akaletwa nyumbani amebebwa, mtulinga, mfupa huu wa begani, umevunjika. Mfupa uliunga vibaya. Hata nilipokuja mimi, alikuwa akiinua mkono wa kushoto mpaka begani tu, zaidi ya hapo anauma meno.

Shangazi hakusema neno mbele ya wanaume kuhusu lile tanga jipya. Alisema kwangu, tukikuna nazi siku ya kuandama mwezi. "Mwanaisha, nimeletewa mtu kwenye mkeka mara moja. Sitaki kuletewa tena." Nikamuuliza kwa nini asimwambie Nahodha alikate. Akanicheka. "Nimwambie! Mwanangu, Nahodha nikimwambia mvua inanyesha atatoka kwenda kuanika nguo." Kisha akapunguza sauti. "Yeye si amesema tanga ni watu? Basi watu nawapika mimi." Ilikuwa ada pale kwamba watu wa chombo wafuturu kwa nahodha wao mwezi mzima, ili wajue ni kitu kimoja. Shangazi alikuwa amepiga hesabu: wakipungua, mizani itasema wamepungua, na Nahodha, kwa maneno yake mwenyewe, itambidi ashushe darini lile tanga la vipande tisa. Nikaona ni akili kubwa. Nilikuwa mtoto, na zaidi ya hapo nilimwogopea Athumani.

Basi ikawa Ramadhani ya ajabu. Uji ukawa mwepesi, unauona mwezi ndani yake. Muhogo wa nazi ukawa muhogo wa kuchemsha na chumvi. Mbaazi zikaja siku mbili, zikatoweka. Kaimati tukazifanya ndogo kama kokwa. Badala yake bamia, mchicha, vipande vya tikiti, maji ya ndimu, vitu vya kupita mwilini bila kukaa. Pangani, mji ambao nazi zinaanguka mpaka zinakuwa kero, watu wa nyumba ya Nahodha wakawa hawaonji tui! Nilikuwa nikisimama dirishani nawasikia. Bakari alikuwa akisema, "Alhamdulillahi," halafu anashusha pumzi. Nahodha siku moja hakustahimili, akapaza sauti kuelekea jikoni, "Bi Nuru! Minazi imeota miguu, imekimbilia Pemba?" Shangazi akamjibu kwa upole wote, "Mwezi wa toba huu, Nahodha. Si mwezi wa matumbo." Athumani akacheka, nami nikaona mashavu yake yalivyoingia ndani, nikajisemea ni sawa, ni kwa ajili yake.

Mbwana peke yake hakulalamika. Alikula alichopewa, akatania watu, akaomba dua, akaondoka mapema. Tulimsifu. Shangazi alisema kumbe mtu mnene naye ana subira. Loo! Tulikuwa hatujui kwamba kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, mtaa wa pili, akafuturu upya kwa wali na samaki wa kupaka. Mama yake alikuwa mjane, yeye ndiye mwana pekee, angemkatalia vipi?

Kumi la mwisho lilipoingia Nahodha akawarudisha kwenye mizani ya mbata. Jioni ile nilikuwa natia uji kwenye mabakuli nikasikia wanarudi wanabishana. Bakari amepungua. Athumani amepungua sana. Nahodha mwenyewe amepungua. Shangazi akanibana mkono kwa furaha, kucha zikaniingia. Halafu tukasikia Nahodha anacheka. "Lakini Mbwana! Mashaallah! Amepanda! Mwezi huu mtukufu yeye ameongezeka! Ukijumlisha wote, kilichopotea ni kidogo tu, hakifiki hata gunia la chumvi. Tanga ni watu, na watu wapo. Vipande kumi na viwili." Kicheko kikubwa barazani. Shangazi aliachia mkono wangu. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, ile ya kukunia nazi, akatazama moto. Alikuwa mke wa nahodha miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa. Uzito wa Mbwana ulikuwa kwenye jumla, lakini haukuwa mwisho wa mrengu. Mwisho wa mrengu, pale panaposhika chombo, alikuwa Athumani, na tulikuwa tumemkausha. "Mwanaisha," akasema, "nimemfanya mwanangu mwepesi, na tanga ni lile lile." Nililia pale pale, machozi yakaingia kwenye uji.

Siku zilizobaki tulipika kama wendawazimu. Tambi za nazi, ndizi za nazi, mikate ya kumimina, kuku. Nahodha alisema toba imekubaliwa, minazi imerudi. Lakini mwili si gunia, huwezi kuujaza kwa siku chache. Athumani alikula mpaka akawa anashika kuta, na mashavu yake yakabaki vile vile. Kusi nalo likazidi. Usiku vipande vya makuti viliruka kutoka kwenye mapaa, na yale matanga mawili juu ya kichwa changu yakawa yanatikisika yakiwa yamefungwa. Niliyachukia yote mawili.

Idi mosi tukasali, tukavaa, tukapeana mikono. Alasiri Shangazi alipakua sinia kubwa la pilau ya mbuzi, akalifunika kawa jipya jekundu, akaniambia nilibebe tumpelekee Mbwana na mama yake. Hatukupita njia ya mkato ya uani. Tulipita barabarani, mbele ya msikiti, mbele ya maduka, watu wote wakaona pilau ya Bi Nuru inakwenda kwa Mbwana, wakatania: "Mpeni, mpeni, ndiye nanga yetu kesho!" Kwa kina Mbwana mimi nilibaki chumbani kumwamkia mama yake na kusikiliza habari za miguu yake inayovimba. Shangazi na Mbwana walikaa ukumbini. Hawakukawia. Tulipotoka Mbwana alitusindikiza mpaka mlangoni, hakutania hata kidogo. Nilidhani ameshiba.

Asubuhi ya Idi pili watu walikwisha kujaa ufukweni tangu jua halijapanda vizuri, ng'ambo Bweni wanapiga ngoma, pantoni imesimamishwa. Nyumbani kukaja mtu mbio: Mbwana hawezi. Amelala, anajikunja, tumbo, anasema ni ile pilau. Nahodha alitukana, siku ya Idi, akaomba msamaha kwa Mungu, akatukana tena. Watu wakajaa barazani, kila mtu ana rai yake. Wengine wakasema twaa mtu yeyote mnene. Wengine wakasema mtu yeyote mnene asiyejua kukaa mrengu atawaua. Mmoja akasema, "Shusha tanga dogo, Nahodha," na hapo hapo watu wawili wakamrukia: mwezi mzima tumeambiwa vipande kumi na viwili, Bweni wamesikia, leo tutoke na tambara? Nahodha alisimama katikati, mikono nyuma. Nilimwona kupitia dirisha. Alikuwa anamtazama Athumani, na Athumani alikuwa anajifunga shuka kiunoni kwa mkono wa kulia peke yake, kwa sababu wa kushoto haukufika nyuma. Kisha Nahodha akageuka, akaangalia dirisha la jikoni. "Mwanaisha," akaniita, "kalete tanga."

Hakusema lipi. Nilingoja aseme, hakusema. Nikaingia chumbani, nikapanda juu ya kitanda, nikafungua kamba. Jipya lilikuwa juu, la zamani chini yake. Ilinibidi niliinue jipya kwa kichwa na kulivuta la zamani, likaja na vumbi lake lote kwenye kanga yangu ya Idi. Nitasema kweli, kufikiri sikufikiri hata dakika moja. Nilitoka nalo begani mbele ya wanaume wote, kigori mimi, nikaliweka miguuni pake. Nahodha akalitazama, akanitazama. "Hili ndilo uliloliona?" "Ndilo nililoliona, Nahodha." "Basi hakuna wakati wa kubadilisha," akasema. "Twendeni." Chumba kilikuwa hatua chache kutoka pale! Angetaka angekwenda mwenyewe, akarudi kabla mtu hajavaa kofia. Tangu siku ile naamini alinituma mimi kwa kusudi, kwa sababu alitaka mtu mwingine amchagulie lile ambalo mdomo wake ulikwisha kulikataa.

Tulishindwa. Sitalipamba. Kwenye kimya, vyombo vyenye matanga makubwa vilituacha tukiangalia visigino. Bweni wakafika wa kwanza. Wageni wa kutoka Mkwaja, waliokuja kushindana nasi mwaka ule, walikuwa wa pili wakirudi, mpaka walipofika chini ya kilima. Pigo likaanguka. Niliona tanga lao linajaa, watu wao wanatambaa nje, na halafu mti wa mrengu ukakatika kwa mlio tuliousikia mpaka ng'ambo yetu, pale pale alipokaa mtu wa mwisho. Waliokolewa, lakini yule wa mwisho alitolewa majini akipiga kelele, kashika mguu. Pigo lile lile likamfika Athumani wangu. Akalala nyuma mpaka mgongo ukagusa maji, tanga la vipande tisa likajaa, likashika, likaachia. Akakaa tena. Shangazi, aliyekuwa amesimama karibu yangu kajifunika ushungi mpaka macho, alisema, "Alhamdulillahi," akageuka akaenda zake nyumbani kuweka chakula. Hakungoja kuona tumekuwa wa ngapi.

Mji ulihitaji mtu wa kumlaumu, na mtu alikuwepo. Hakuna aliyesema Nahodha aliogopa. Hakuna aliyesema msichana alichukua tanga baya. Ilikuwa ni Mbwana na pilau, Mbwana Pilau, watoto wakamwimba barabarani, na jina likaganda. Harusi yetu ilipofika mfungo pili, Nahodha alilishusha lile tanga jeupe, akalitandaza juu ya ua wetu wote liwe kivuli cha wageni. "Lipate kazi nchi kavu," akasema. Mbwana alikuja akala na watu, na kila sinia lililopita mbele yake wakamtania, naye akacheka kama kawaida yake.

Na Athumani tuliishi pamoja mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikufa nyumbani, Chumbageni, kitandani kwake, wanawe wamemzunguka. Mbwana alikuja kwenye maziko kutoka Pangani, mzee, anatembea kwa mkongojo. Watu walipopungua akaketi karibu yangu akasema, "Shemeji, wale ambao kwa ajili yao nilinyamaza wote wamekwisha kufa, na leo amekwenda Athumani, niliyemfanyia. Sasa naweza kukwambia. Lile tumbo halikuniuma." Nikamtazama. Akaniambia Shangazi alimwomba pale ukumbini, akimshika kidevu kama mtu anayebembeleza mtoto: bila wewe Nahodha hataweza kutoka na tanga kubwa, na lawama italala kwako, najua ninachokuomba. "Nikasema sawa, mama." Nilimuuliza kwa nini hakusema Nahodha alipokufa, Bi Nuru alipokufa, miaka yote ile ya kuimbwa. Akainua mabega. "Nilikwisha kuzoea."

Hayo ndiyo niliyomwambia mjukuu wake pale mlangoni, kwa sauti ya kufika mpaka kwa wale wachekaji. Nikamwambia mimi nina watoto saba, na watoto hao wana watoto, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angezaliwa kama babu yako asingekubali kujilaza mzima na kuitwa mlafi. Kijana akainama akaliokota birika lake, halafu akaniuliza, kama mtoto, "Na ile pilau, bibi? Aliila?"

Ndipo ikanibidi nimweleze na hilo la mwisho, ambalo Mbwana alinieleza akiwa amekwisha kunyanyuka kwenda zake. Alisema tulipoondoka alilifunua sinia, akamega tonge moja, likamkaa mkononi. Akamwachia mama yake lote. "Haikupita kooni, Mwanaisha," aliniambia. "Niliitaka sana ile resi."